Matope ya Chupa Nne

Wewe uliyekulia Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, wakati mmoja nami, unakumbuka motokari zetu za waya? Usukani wake ulikuwa fimbo ndefu iliyotufikia kifuani, na magurudumu tuliyakata kwenye kandambili za kaka zetu, wakitukimbiza mpaka avenyu ya tatu. Unakumbuka vumbi jekundu, jinsi lilivyopanda miguuni mpaka mama zetu wakashindwa kujua soksi inaishia wapi na mtoto anaanzia wapi? Tulikunywa munkoyo wa mahindi kwenye kikombe kimoja watoto sita, tukipimiana kwa macho nani amemeza mara mbili. Bukari, ugali wetu, ilikuja moto, na mwenye vidole vigumu ndiye aliyeshiba. Mpwa wangu ana miaka kumi na mmoja. Juzi aliniuliza tulikuwa tunafanya nini umeme ukikatika. Nilimjibu kwamba umeme ulikatika kabla hatujazaliwa, kwa hiyo hatukujua kama umekatika. Alinitazama kwa huruma ya kweli, kisha akarudi kwenye simu yake kuangalia asilimia ngapi zimebaki.

Nilicheka, halafu nikakumbuka. Mimi pia nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipomharibia baba yangu kazi ya maisha yake.

Baba za wenzangu walikuwa watu wa mgodi au wa reli, kama babu zao waliotoka kaskazini. Ukiulizwa shuleni baba yako anafanya kazi gani, ulijibu kwa neno moja, mwalimu akaandika, basi. Zamu yangu ikifika nilisimama na kusema, "Papa anapima mto." Darasa zima liliangua kicheko.

"Anapimaka na nini?" aliuliza Jeannot, mvulana wa benchi la nyuma. "Na kamba ya fundi wa nguo?"

"Muto iko na kiuno ngapi?" akadakia mwingine.

Niliporudi nyumbani nikilia, Papa, aliyekuwa amekuja likizo, hakukasirika. Alimwaga unga kidogo juu ya meza, akachora kwa kidole. Huu ni Luapula, alisema. Unaingia ziwa Mweru hapa, unatoka upande huu na jina lingine, Luvua, unakwenda kukutana na Lualaba, na hapo unakuwa mto mkubwa ambao dunia nzima inaujua. Maji yanayopita mbele ya kituo changu leo, watu wa Kinshasa watayanawia uso baada ya wiki nyingi. Je, mtu asiyejua maji mangapi yamepita juu, na udongo kiasi gani yamebeba, atajuaje chini kuna nini? Kisha Mama alikuja akatugombeza sote wawili kwa kuchezea unga.

Kituo chenyewe kilikuwa mbali. Ilibidi kupanda lori la wafanyabiashara wa Kivu, kukaa juu ya magunia ya sukari na katoni za sabuni, kusimama Kasomeno kula ndizi za kuchoma, kisha kushuka upande wa Kasenga mpaka unaanza kunusa samaki kabla hujaona mto. Nilikwenda huko kila likizo ya Pasaka, wakati maji ni mengi. Nyumba ya Papa ilikuwa ya chumba kimoja na baraza, hatua chache kutoka kwenye maji. Mbele yake, kwenye mteremko wa ukingo, zilisimama mbao nne zilizopakwa rangi nyeupe na nyeusi, moja juu ya nyingine kama ngazi, zenye namba. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, Papa alishuka, akachutama, akafuta tope kwenye ubao kwa kiganja, akasoma maji yamefika wapi, akaandika. Mara mbili kwa wiki walitoka kwa mtumbwi yeye na mpiga kasia wake, Ba Mulenga, mtu mrefu aliyezungumza na mto kama mtu anavyozungumza na shemeji mkorofi. Walishusha majini chombo kama feni ndogo ya shaba. Maji yalikizungusha, nacho kikalia tik, tik, tik, na Papa alihesabu milio akiangalia saa. Hivyo ndivyo alivyojua mbio za mto.

Lakini kazi niliyoipenda ilikuwa ya chupa. Kila alasiri saa kumi, mtumbwi ulifika katikati ya mto, kwa sababu huko, alisema Papa, ndiko mto unakobebea mizigo yake. Chupa ya lita moja ilifungwa kwenye kipande cha chuma, ikazamishwa, ikajazwa. Jioni Papa aliyachuja maji yale taratibu kwa karatasi nyeupe ya duara. Maji yalipita, udongo ukabaki. Karatasi ilikaushwa, ikatiwa ndani ya bahasha yenye tarehe, na mwisho wa mwezi bahasha zote zilipanda lori kwenda kupimwa kwenye mizani ya ofisi, Lubumbashi. Katika daftari lake hakukuwa na siku iliyorukwa; akija likizo Katuba, mtu wa ofisi alimshikia zamu. Alikuwa na sharti moja, alilolirudia kila aliponipa kalamu nimwandikie namba: "Mama, andika bile unaona. Hapana bile unawaza." Aliniita hivyo, mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Pasaka ile homa ilimkamata siku ya pili baada ya mimi kufika. Malaria, ile inayotikisa kitanda. Alijikokota na fimbo kwenda kusoma mbao, maana zilikuwa karibu, lakini mtumbwi ulimshinda. Alikaa kitandani, blanketi mabegani, akanipa chupa kwa mikono miwili.

"Leo weye njo Papa," alisema. "Ba Mulenga atapiga kasia. Weye utatosha mayi. Katikati, unasikia? Katikati ya muto."

Mimi ndiye wa kuyatoa maji mtoni; sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile. Nilitembea mpaka mtumbwini kama mtu anayekwenda kuapishwa. Ba Mulenga alinisalimia, "Yambo, chef," kama anayemsalimia mkubwa wa kazi, bila kucheka, akanipeleka katikati, nikazamisha, nikajaza, nikarudisha. Papa aliinua chupa mbele ya dirisha, akasema ni sawa.

Kesho yake lilikuja lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivu, na juu yake kulikuwa na jenereta na televisheni. Wewe wa kizazi changu unajua maana yake. Alifunga turubai kwenye banda la samaki, akatandika mikeka, na kila siku saa kumi alasiri alionyesha filamu ya karate. Kiingilio kilikuwa samaki mmoja mkavu. Leo mpwa wangu ana filamu elfu moja mfukoni na analalamika hakuna cha kuangalia. Sisi kwa filamu ile moja, yenye mistari ya mvua kwenye kioo na sauti ya jenereta juu ya maneno yote, tungeuza ndugu zetu.

Saa kumi. Saa ile ile ya chupa.

Nilimwambia Ba Mulenga kwamba Papa amesema leo hakuna chupa, apumzike. Alifurahi, akaenda kurekebisha nyavu zake. Nami nilikimbia mpaka kwenye matete kando ya kivuko, nikainama, nikajaza chupa hapo hapo ukingoni. Kisha nikaitazama. Maji yalikuwa meupe, meupe kabisa, kwa kuwa kati ya matete maji hulala na udongo hushuka chini. Chupa ya jana ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Papa angeijua kwa kuangalia mara moja.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo mtoto wa mtu mwingine yeyote asingelifikiria. Nilichota tope la ukingoni kwa ncha ya kidole, pingili moja, nikalitia chupani, nikafunga, nikatikisa. Maji yakawa mazuri. Yakawa ya katikati ya mto.

Niliiacha chupa barazani na kukimbilia bandani. Jioni Papa aliiinua kwenye dirisha, akaishusha, akaiinua tena.

"Ulitosha fasi gani?"

"Katikati, Papa."

"Inakuya na udongo mingi hivi?"

"Ndiyo, Papa."

Aliyachuja maji yale. Karatasi ilibaki na tabaka nene, jekundu. Macho yake yaling'aa, sijui ni homa au ni furaha ya mtu aliyeona kitu. "Iko kintu kule juu," alisema. "Kuko fasi muto inabomoka."

Siku ya pili nilimwambia Ba Mulenga vile vile, na nilitaka kutia tope kidogo kuliko jana, lakini niliogopa, kwa kuwa mto hauwezi kupona kwa siku moja. Nikatia pingili moja tena. Siku ya tatu pia. Siku ya nne nilipunguza, nusu pingili, ili udongo uonekane unaisha polepole. Ndivyo nilivyoanza kujua kwamba uongo mmoja unataka kutunzwa kama mgonjwa. Siku ya tano lori liliondoka na televisheni yake, nami nikarudi mtumbwini na Ba Mulenga, katikati ya mto, mtoto mwema. Ukiniuliza leo filamu ile ilihusu nini, nakumbuka mtu mmoja akiruka juu ya ukuta. Basi.

Papa hakungoja mwisho wa mwezi. Aliandika barua kwa ofisi, ukurasa mzima kwa mwandiko wake wa kuinama, akieleza kwamba kwa siku nne mto umebeba, kwa kukadiria karatasi kwa macho, udongo kama mara nne ya kawaida, na kwamba yafaa watu waende juu kuangalia kingo kabla mashamba ya watu hayajaondoka na maji. Ofisi ilimwamini. Alikuwa mtu wa kuaminiwa. Ilituma gari, na gari lilizunguka juma zima upande wa juu. Hawakuona kitu. Hakuna ukingo ulioanguka, hakuna shamba lililoondoka, hakuna mvua ya ajabu aliyoiona yeyote.

Mwezi wa saba Papa aliitwa Lubumbashi, na wakubwa wawili wakaja nyumbani kwetu Katuba. Mmoja alikuwa mnene na mpole. Mwingine alivaa miwani na hakugusa chai niliyomletea. Daftari lilikuwa wazi mezani.

"Papa," alisema mwenye miwani, "mayi haikupanda. Weye mwenyewe uliandika. Mbio yake, mbele ya homa na nyuma yake, ile ile. Lakini udongo, mara ine. Inatoka wapi?"

"Chef, mi niliandika bile niliona."

"Ao uliandikia mu kitanda, na homa yako?"

Papa aligeuka akanitazama mimi, niliyesimama mlangoni na sinia mkononi. Nakumbuka sinia lilikuwa la bati, lina picha ya maua, na jasho la vidole vyangu lilikuwa limeacha alama juu yake.

"Mama," alisema kwa upole, "ambia bakubwa. Mayi ulitosha fasi gani?"

Hapo ndipo ningeweza. Nimelirudia tukio hili mara nyingi sana, na kila mara naona kwamba mlango ulikuwa wazi, watu walikuwa watatu tu, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Wangecheka. Wangefuta siku nne, Papa angenichapa, na kesho yake angerudi kwenye mto wake.

"Katikati ya muto, Papa."

"Munasikia," aliwaambia wakubwa. "Mutoto wangu hasemake bongo." Bongo, kwetu, ni uongo.

Mwenye miwani alitoa kalamu nyekundu. Ikiwa siku nne hazielezeki, alisema, nani atatuhakikishia zingine? Alichora mstari juu ya ukurasa, kisha juu ya ukurasa wa kabla yake, na baadaye, tulisikia, ofisini walifanya hivyo kwenye madaftari yote ya kituo kile tangu Papa alipokabidhiwa. Ba Mulenga, ambaye angeweza kusema neno, alikuwa amekwisha kuhamia ng'ambo ya mto kwa dada yake, na hakuna aliyemtafuta. Kituo kilifungwa. Papa alipewa meza karibu na mlango wa ofisi, kupiga mihuri kwenye barua zinazoingia, mpaka siku yake ya kustaafu.

Nyumbani alikuwa na nakala za madaftari yote, katika sanduku la mbao. Siku moja alilivuta hadi jikoni, akamwambia Mama, aliyekuwa akiuza karanga sokoni, "Tumia." Mama alikataa siku tatu, kisha akaanza kupasua kurasa, taratibu, akizikunja koni. Hivyo ndivyo Katuba ilivyokula Luapula yote, mwaka baada ya mwaka, na chumvi kidogo. Nilizisambaza mimi mwenyewe, na nilizisoma namba zile kabla ya kumpa mteja: mita mbili na sabini na mbili, mita mbili na themanini. Maji yalikuwa yakipanda ndani ya mikono ya watu, na hakuna aliyejua.

Daftari moja tu Papa hakulitoa, lile lenye siku nne. Na hapo ndipo maumivu yangu yalipo hasa, kwa kuwa hakulihifadhi ili kujitetea. Alilihifadhi kwa sababu aliniamini. Kama mtoto wangu alitoa maji katikati ya mto, alijiambia, basi mto ulibeba udongo ule kweli, na mahali fulani pako. Kila Jumamosi alikwenda kwenye maegesho ya malori yanayotoka Kasenga, akawauliza madereva, "Kule juu, hamukuonaka fasi udongo ilianguka?" Mwanzoni walimjibu kwa heshima. Baadaye wakampa jina.

"Papa Udongo anakuya!" walipigiana kelele. "Papa Udongo, leo hakuna udongo! Kuko paka samaki, samaki tu!"

Alicheka nao, akanunua samaki wawili, akarudi kwa miguu. Miaka ilipita hivyo. Nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikaanza kuandika vitabu, na watu wakanisifu kwamba najua kubuni mambo yakaonekana ya kweli. Nilishukuru na kuangalia chini. Mama alifariki bila kujua. Kila mwaka nilisema nitamwambia Papa, na kila mwaka neno lile fupi lilikuwa limeongezeka uzito.

Pasaka iliyopita nilimkuta uani akipaka mafuta viatu vyake vya zamani vya kazi. Begi lilikuwa limefungwa kando yake. Ana zaidi ya miaka sabini sasa, na magoti yake hayamsaidii hata kwenda kanisani.

"Unakwenda wapi, Papa?"

"Juu," alisema. "Kesho kutwa napanda lori. Nitatafuta mutu wa mutumbwi, tupande polepole, niangalie kingo moja moja. Nisikufe bila kuona ile fasi."

Nilikaa chini mbele yake, kwenye udongo. Kwenye meza kulikuwa na bukari na mboga ya lengalenga, nzi wakizunguka, hakuna aliyekula.

"Papa, usiende. Hautaona kitu."

"Weye unayua muto kunipita?"

"Ile udongo haikutoka juu. Ilitoka mu matete, ku pembeni. Mi njo niliitia mu chupa, na kidole. Nilikimbia kuona filamu."

Aliendelea kupaka kiatu. Alikipaka mpaka ncha, akakiweka chini sambamba na mwenzake.

"Siku ngapi?"

"Ine."

"Yote sawasawa?"

"Tatu, pingili moja. Ya mwisho, nusu."

Aliingia ndani, akatoka na daftari na miwani. Alifungua ukurasa ule wenye mstari mwekundu, akaniomba nionyeshe kidole, akakitazama, akasema mutoto wa miaka kumi na moja kidole chake ni kidogo kuliko hiki. Kisha aliandika pembeni ya kila siku, kwa mwandiko ule ule wa kuinama, kile alichoambiwa. Nilimwambia nitakwenda ofisini, nitawaeleza wote, warudishe miaka yake.

"Vitabu vyao vya zamani walivitupa walipohamia jengo lingine," alisema kwa Kiswahili cha ofisini, kama anayejibu barua. "Na vyangu tulivila."

Alivua miwani.

"Basi muto haikukuwa na kitu," alisema. "Miaka yote nilikuwa nawaza iko fasi inaumia."

Hakunigombeza. Alirudisha viatu ndani na kufungua begi, akatoa shati moja moja, akayatundika. Heri angenipiga.

Mpwa wangu ananiambia siku hizi mto unapimwa na mashine, inatuma namba yenyewe, na kwenye simu yake amenionyesha Luapula kutoka angani, mwembamba kama mshipa wa mkono. Ni jambo zuri. Hakuna mtoto atakayepewa chupa, na hakuna karatasi itakayokaushwa juani. Anashangaa kwamba zamani mtu mzima aliandika namba kwa kusikia tu sauti ya mtoto. Namwambia ndiyo, zamani kwetu neno la mtoto lilitosha, liliandikwa kwa wino na kutumwa mjini, na mtu alikuwa tayari kulitetea mbele ya wakubwa. Leo, nikiwa nyumbani kwa Papa nikamwambia mvua inakuja, anaitikia vizuri, anasimama kwa taabu, anashika ukuta, anakwenda mpaka mlangoni, anaangalia mwenyewe.